Ba'mkwe Bado ni Kuruta

Tangu watu wa kwetu Ndama wajue kwamba wamo ndani ya kompyuta yangu, sijui tena nani ananisalimia kwa mapenzi na nani anatafuta cheo. Mchinjaji ananipimia nusu kilo, anaongeza kipande cha ini ambacho sikukiomba, halafu anainama juu ya gogo lake na kuuliza kwa sauti ya chini, "Kapteni anaendeleaje?" Kapteni ni yeye mwenyewe. Kijana wa bodaboda anayenipeleka Kayanga amekataa nauli, na si kwa ukarimu: sharti lake ni nisimpange mbele mpaka mke wake ajifungue. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima mwenye muhuri, alikuja kutoa kopi ya barua, kopi ikatoka, hela akalipa, na bado akabaki amesimama. Mwishowe akakohoa.

"Mwalimu, nasikia niko wodini."

Nikamwambia ndiyo, Mwenyekiti, ulijeruhiwa begani.

"Natoka lini?"

Siku 12.

Akaguna. "Na nani alinipiga?"

Hapo nikajifanya printa imekwama, kwa sababu aliyempiga si adui. Nitaeleza.

Nilipostaafu kufundisha nilifungua steshenari. Nina kompyuta moja ya mezani, printa moja yenye kisirani, mashine ya laminesheni na kiti cha mteja. Watu wanadhani steshenari inaishi kwa barua za kuombea kazi. Inaishi kwa misiba. Mtu akifariki, mtoto wa ndugu anakuja mbio na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu mbili tofauti, nami nachapa ratiba ya mazishi na historia fupi ya marehemu: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, ameacha. Katikati ya marehemu mmoja na mwingine kuna saa nyingi za bure, na katika saa hizo nacheza gemu. Sioni aibu. Wastaafu wenzangu wengine wanakunywa.

Gemu yenyewe inaitwa XCOM: Enemy Unknown. Ilitengenezwa na kampuni ya Firaxis ya Marekani, kiongozi wa kazi akiwa Jake Solomon, na ikatoka 2012. Ni mjukuu wa gemu ya zamani ya Mwingereza Julian Gollop, ya 1994. Hadithi yake ni nyepesi: viumbe wa kutoka angani wameivamia dunia, nchi 16 zimechanga fedha na askari, na wewe ndiye kamanda. Unaingia uwanjani na watu wanne, baadaye sita. Mnacheza kwa zamu, nyinyi mnasogea na kufyatua, kisha wao. Na askari akifa, amekufa. Haamki pambano likiisha. Hata ukishinda vita vyote na dunia nzima ikapona, yeye hatakuwepo kwenye sherehe. Jina lake linapelekwa kwenye ukuta wa kumbukumbu kambini, pamoja na idadi ya safari alizokwenda na maadui aliowaua, na ukiufungua ukuta huo unapigiwa zumari za Kiskoti zinazolia kama mtoto aliyenyimwa chai.

Manung'uniko yangu ya kwanza ni hizo nchi 16. Afrika nzima imepewa viti vitatu: Misri, Nigeria na Afrika Kusini. Tanzania hatumo! Nchi iliyomfuata Idi Amin mpaka ikaingia Kampala Aprili 1979 haikuonekana kufaa kutoa hata kuruta mmoja wa kushika tochi. Lakini gemu inaruhusu kubadilisha jina na sura ya askari, basi nikafanya nilichoweza. Kila Mnigeria aliyeletwa kambini nilimpa jina la mtu wa Ndama. Bendera ya Nigeria imebaki pembeni ya jina, siwezi kuiondoa. Kwa hiyo mchinjaji wetu, ambaye hajawahi kuvuka hata Murongo kwenda Uganda, ni Kapteni wa Lagos.

Ilikuwa siri. Aliyeitoa ni mpwa wangu, kijana ambaye akiambiwa jambo la siri huliona kama gunia zito linalohitaji wabebaji wengi. Ndani ya wiki moja kila mtu alikuwa anajua yuko kikosi gani na bunduki gani. Wengine wakaja kulalamika kwamba hawamo.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba ukimpa askari jina la mtu unayemfahamu, gemu inaanza kuwa na akili ambayo walioitengeneza hawakuitia. Chukua mwenye duka ninalokopa sukari. Nilimpanga mbele kabisa, akafa katika safari yake ya kwanza. Nataka ieleweke kwamba ilikuwa mbinu ya kivita. Nilipopita dukani kesho yake, daftari lilikuwa wazi ukurasa uleule na deni lilikuwa na afya njema.

Au chukua yule mnunuzi wa kahawa anayefanya butura, anayekulipa kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya mtu mwenye mtoto anayesubiri ada. Serikali inaikataza butura kila msimu na kila msimu yupo. Nilimfanya askari nikitarajia roho ngumu. Sasa katika XCOM askari wana kipimo cha ujasiri, na wakiona mwenzao anaanguka wanaweza kupagawa: mmoja anakimbia, mwingine anajikunyata, mwingine anafyatua hovyo bila kuangalia nani ni nani. Mwenye duka alipodondoka, mnunuzi wa kahawa akapagawa, akageuka, akampiga Mwenyekiti begani. Ndiyo maana printa ilikwama. Wawili hao tayari wana kesi ya mpaka wa shamba, na mimi nimepakana na wote.

Ba'mkwe ni habari nyingine.

Ba'mkwe anakaa Nkwenda, upande wa Kyerwa, na huja Ndama akiwa na shida ya kliniki au hamu ya kuona wajukuu wanavyolelewa vibaya. Nilimweka kikosini kwa heshima tu. Kwa heshima hiyohiyo sikumtuma popote. Nani anampeleka baba wa mke wake kwenye risasi? Alibaki kambini, analala, anakula, analindwa na majenereta. Mke wangu aliuliza kila jioni, "Baba hajambo?" nikamjibu hajambo, na nilikuwa nasema kweli.

Tatizo ni kwamba katika gemu hii cheo hakipatikani kwa umri. Cheo kinapatikana kwa kwenda na kuua. Asiyetoka kambini anabaki kuruta. Vijana wakapanda: koplo, sajenti, luteni. Mchinjaji akawa Kapteni. Fundi baiskeli, ambaye hajawahi kumalizia kazi ya mtu kwa wakati, akawa mdunguaji hodari mwenye jina la utani alilopewa na gemu yenyewe. Ba'mkwe kuruta. Siku moja akashuka kwenye Hiace, akaingia dukani, akaketi kwenye kiti cha mteja, fimbo katikati ya magoti. Ilikuwa salamu ndefu, ya nyumbani, ya mifugo, ya mvua. Kisha:

"Nimesikia yule wa nyama ni Kapteni."

"Ndiyo, Tata."

"Mimi je?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba yeye nimemhifadhi.

"Kuhifadhiwa ni kwa kahawa," akasema. "Mimi nilikuwa kwenye kamati ya chama cha msingi wewe hujaota ndevu. Yule wa nyama tulimfukuza kwa mizani. Leo akinipita njiani nimpigie saluti?"

Waitu, utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Mwache nyuma, umemdharau. Mpeleke mbele, umemuua. Na akifa hakuna kurudisha.

Hili la kurudisha ndilo lililoleta ugomvi mkubwa. Nje ya duka langu, chini ya mparachichi, kuna ubao wa drafti ambao haujawahi kukosa watu tangu niuweke mahali hapo, na dirisha langu linatazama huko. Mwenye duka alipokufa, wachezaji wote walikuja dirishani. "Rudisha nyuma!" wakasema. Nikawaambia hairudi. Ukitaka, XCOM inakuruhusu kuhifadhi pambano na kurudi ulipohifadhi, lakini mimi nacheza hali iitwayo Ironman. Kuna nafasi moja tu ya kuhifadhi, na gemu inajihifadhi yenyewe unavyokwenda. Umeme ukikatika, ukirudi unakuta maiti palepale ulipoiacha.

"Nani amekulazimisha?" akauliza mmoja.

Hakuna. Kuna kitufe, nikakibonyeza mwenyewe kabla ya kuanza.

Walitazamana kama wanaoulizana nani atamjulisha mke wangu. Mama anayetuuzia chai na maandazi pale nje ndiye aliyesema. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoa wetu wa Kagera katikati ya miaka ya 2000, yeye alikuwa na shamba linalolisha nyumba na kubakiza. Ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukipasua unakuta kutu ndani, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Wataalamu wakasema ng'oa shina zima, na panga lipitishwe kwenye moto kabla halijagusa mgomba mwingine. Aling'oa. "Mwalimu," akasema huku ananimiminia, "hasara ya bure tunayo ya kutosha. Wewe unaitafuta nyingine, tena kwa umeme wa kununua?"

Sikuwa na jibu, nikalipa chai. Jibu lilikuja usiku, kama majibu yote mazuri, wakati mwenye swali amelala. Ni hivi: mpwa wangu naye ana vita vyake kwenye kompyuta ileile, vya kurudisha. Askari wake hawajafa hata mmoja. Muulize majina yao, hajui. Anasema "yule wa bunduki kubwa", "yule mwanamke". Mimi wangu nawajua hadi anayekohoa.

Na huyo kijana hebu nimsimange kidogo, maana ananikera. Kabla hujafyatua, XCOM inakuandikia uwezekano wa kumpata adui. Asilimia 95, kwa mfano. Askari amesimama karibu kiasi kwamba mtutu unamtekenya adui puani, asilimia 95, unabonyeza, anapiga dirisha la nyumba ya tatu. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na naijua asilimia tano, lakini asilimia tano ya gemu hii ni kubwa kuliko ile ya vitabuni. Mpwa wangu alikosa risasi kama hiyo, akarudi nyuma, akapiga tena, akakosa. Akarudi. Akakosa tena, risasi ileile, dirisha lilelile. Kumbe waliotengeneza walijua watoto kama yeye wapo. Bahati inahifadhiwa pamoja na pambano, na ukirudia jambo lilelile unapata jibu lilelile. Lazima kwanza ufanye kitu kingine, umsogeze mtu mwingine hatua mbili, ndipo bahati ibadilike. Basi kijana sasa kazi yake ni hiyo: anamtembeza mmoja bila sababu ili risasi ya mwingine iingie. Nimemwambia huo si ujemadari, ni uganga.

Nongwa yangu nyingine ni na Wajapani, ingawa ndio walioanzisha neema hii ya askari asiyerudi kwa namna tunayoijua. Mwaka 1990 Shouzou Kaga na wenzake wa Intelligent Systems walitoa Fire Emblem kwa ajili ya Famicom, mashine ya Nintendo. Kila mpiganaji alikuwa na jina, uso na kazi yake, na akifa ndiyo basi, hadithi inaendelea bila yeye. Safi kabisa. Lakini watu wakalia. Ikaonekana wengi hawavumilii. Mtu mmoja akifa wanazima mashine na kuanza pambano upya. Mwaka 2010 wakaweka hali nyepesi, anayeanguka anarudi pambano likiisha. Sawa, tuseme alizimia. Halafu 2015, katika Fire Emblem Fates, wakaongeza hali iitwayo Phoenix, ambamo aliyekufa anarudi zamu inayofuata. Zamu inayofuata! Hata chai haijapoa. Hicho si kifo, hicho ni kwenda chooni.

Na cha ajabu Wajapani hao wana sataranji yao ya asili, shogi, ambamo kete iliyotekwa haitupwi: aliyeiteka anairudisha uwanjani impiganie yeye. Ni kama bao letu. Wazee wetu wa huku wakicheza, kete ikiliwa haifi, inachukuliwa na kupandwa upande wa pili, inaendelea na maisha kwa wakwe. Watu waliokulia na kete zinazohama ndio waliotuletea askari asiyerudi. Na sisi wa bao siku hizi tunashinda kwenye drafti, vifuniko vya soda 12 kwa kila upande, kikiliwa kinatupwa mchangani na hakuna anayefunga kanga kiunoni. Walewale walioniambia rudisha nyuma, kwenye ubao wao mtu akigusa kete amecheza, na akitaka kuirudisha mkono wake unapigwa kofi. Nimewauliza mbona wao hawarudishi. Wanasema kile ni kifuniko tu. Ndiyo! Kifuniko hakina jina. Hebu kiite Ba'mkwe halafu ukipeleke kuliwa uone kama utalala.

Yupo mtu mmoja tu pale mparachichini ambaye hakuniambia rudisha. Ni mzee aliyekuwa mgambo, akaingizwa jeshini 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na kulipua daraja la Kyaka. Sisi tunaosafiri Bukoba tunapita Kyaka tukichungulia mto dirishani na kununua muwa; yeye akifika hapo ananyamaza. Kwa kawaida hatazami kompyuta. Siku ile alisogea, akaegemea dirisha, akaangalia fundi baiskeli amejificha nyuma ya kiukuta kifupi.

"Huo ukuta ni wa kuzuia mbuzi," akasema. "Mtoe hapo."

Nikamtoa, nikamweka nyuma ya ukuta mrefu. Zamu iliyofuata risasi zikapita pale alipokuwa. Nikageuka kumshukuru, nikakuta ameshaingia kwenye swali lake.

"Yule wa duka, aliyekufa. Nani alipeleka habari kwao?"

Nikasema gemu haina kwao. Ina ukuta wa majina.

"Sisi tulikuwa tunajua kwa sahani," akasema. "Mnakula, sahani moja inabaki chini, hakuna anayeigusa. Ukiona imebaki, unajua." Akatazama skrini tena. "Huyu mpikaji wenu anapika sahani ngapi?"

Sijui. Gemu haionyeshi jikoni. Nimelitafuta jibu la kumchekesha mpaka leo sijalipata, na wala hakuwa anatania. Baadaye alisogea akamkosoa mcheza drafti mmoja kwa ukali uleule, mtu akaliwa kete tatu kwa mpigo, na mambo yakaendelea.

Siku ya Ba'mkwe ilifika kwa njia ya wodi. Majeruhi katika XCOM wanalazwa siku kadhaa, na nilikuwa nimetoka kwenye safari mbaya: Mwenyekiti wodini, Kapteni wa nyama wodini, mdunguaji wodini, mnunuzi wa kahawa mzima wa afya kama kawaida ya watu wa butura. Ghafla taarifa: viumbe wamevamia mji, wanaua raia, nenda sasa hivi. Ukikataa, nchi hiyo inaingiwa na hofu na inaweza kujitoa na michango yake. Nikaangalia orodha ya walio fiti. Mnunuzi wa kahawa, kijana wa bodaboda mwenye mkataba, makuruta wawili wasio na jina la Ndama, na Ba'mkwe, amepumzika kuliko askari yeyote katika historia ya vita.

Nilimpeleka. Nilimpa fulana bora ya kujikinga na guruneti, na nikaapa hatakwenda hatua moja mbele ya mnunuzi wa kahawa.

Mtu asiyewajua Chryssalid namwonea wivu. Ni mdudu mrefu kama mlango, miguu ya buibui, hana bunduki na haihitaji. Anakimbia umbali usio wa haki katika zamu moja, anakufikia, anakudunga. Na anayeuawa naye hafi kama watu wanavyokufa. Baada ya muda anasimama tena, anakuja kukupiga wewe uliyemleta. Ukimwacha akiwa hivyo, anapasuka na kutoa Chryssalid mwingine. Huu ndio ufufuo pekee ambao XCOM inakubali, na ni afadhali usingekuwepo.

Alitokea nyuma ya basi. Kijana wa bodaboda alimfyatulia akakosa. Mnunuzi wa kahawa alikuwa asilimia 88, akakosa pia, na sitaki kusema nilichosema kwa sababu kulikuwa na mteja anasubiri historia ya marehemu bibi yake. Mdudu akampita mnunuzi wa kahawa, akampita kabisa, kama vile hata yeye alikuwa na mashaka na mizani yake, akaenda moja kwa moja kwa Ba'mkwe.

Zamu iliyofuata Ba'mkwe alisimama. Akageuka. Akaja kwangu mikono mbele, kwa mwendo uleule wa kudai mahari.

Nikampiga. Ilibidi. Asilimia 70, na hiyo haikukosa. Inaonekana gemu hii hukosea kwa hesabu za adui tu, za mkwe inazipata.

Pambano tulishinda. Nilifungua ukuta wa kumbukumbu, zumari zikalia, na pale likasomeka jina la Ba'mkwe: kuruta, safari moja, aliowaua hakuna. Mwenye bibi akauliza kama ninalia. Nikamwambia ni wino wa printa. Usiku mke wangu akauliza, "Baba hajambo?" na nikajibu yuko salama Nkwenda, jambo ambalo pia lilikuwa kweli.

Habari ikamfikia kabla ya Jumapili, bila shaka kupitia gunia la mpwa wangu. Akashuka kwenye Hiace na koti lake la misibani. Watu wa drafti wakasimama kumsalimia na kumpa pole ya kifo chake, naye akaipokea kwa uzito unaostahili. Kijana wa bodaboda alimletea kiti. Mchinjaji alikuja na kilo nzima, bila kupima, akasema Kapteni anatoa rambirambi. Ba'mkwe akaipokea kwa mkono mmoja na kuuliza kama ina mfupa. Kisha akaingia dukani, akaketi, akapanga fimbo.

"Nilikufa nimetazama wapi?"

"Mbele, Tata."

"Aliyenimaliza?"

Nikasema mdudu. Hilo la pili, la risasi yangu, sikulitia, na dirishani mpwa wangu alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamtuma akanunue karatasi.

"Safari moja, hakuna aliyeuawa," akasema. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu. "Huo ndio ukuta wanaoniandikia? Mtu wa miaka yangu? Fungua mashine yako. Niandikie historia, kama unavyowaandikia wengine."

Nikafungua faili la misiba. Nikaandika alizaliwa, alisoma, alioa. Alinisimamisha kwenye kila mstari. Kamati ya chama cha msingi ikapata aya nzima. Mizani ya mchinjaji ikapata aya ya pili, ingawa mwenyewe alikuwa bado amesimama mlangoni na damu ya nyama mikononi. Kwenye vita, Ba'mkwe alitaka iandikwe kwamba alichelewa kupelekwa. Nikaandika. Tukafika mahali pa "ameacha".

"Ameacha mjane," akasoma juu ya bega langu, "watoto sita, wajukuu. Endelea."

"Zaidi ya hapo, Tata?"

"Na ng'ombe mmoja."

"Ng'ombe yupi?"

"Yule uliyebakiza kwenye mahari. Andika. Herufi nzito."

Niliandika kwa herufi nzito. Akasema nitoe kopi tatu, na ya kwangu niitie laminesheni ili isiloe. Nikamwambia laminesheni ni shilingi elfu mbili.

"Zikate kwenye ng'ombe," akasema.